Ombaomba wa kwenye mataa: nimpe, nisimpe, au aondolewe?



Kuna swali ambalo kila anayeishi Dar es Salaam hulijibu mara kadhaa kwa siku bila kufungua mdomo. Taa imewaka nyekundu pale Morocco au Magomeni, daladala imesimama, na mkono umefika dirishani. Mmoja anainamia simu yake. Mwingine anasukuma kioo. Mzee wa siti ya mbele anatoa jero mfukoni kimyakimya, na dada aliye nyuma yake ananong'ona kwamba watu kama huyo mzee ndio wanaowadekeza. Taa inageuka kijani, gari linaondoka, na swali linabaki palepale kwenye mataa likimsubiri anayefuata.

Nimeona tulizungumze hapa kwa sababu Siku ya Maskini Duniani, ile aliyotuanzishia Papa Fransisko na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Novemba 2017, inakaribia. Na pia kwa sababu mjadala huu umetoka barabarani ukaingia hadi kwenye geti la parokia yetu. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu swali lenyewe, maana kwa kawaida tunauliza nusu tu. Tunauliza, "Nimpe au nisimpe?" Nusu ya pili ni hii: mji ukiamua kwamba hautaki tena kuwaona ombaomba barabarani, Mkristo asimame upande gani?

Jiji letu limeshaamua hivyo zaidi ya mara moja. Kaka na dada zetu wakubwa wanakumbuka enzi za Yusuf Makamba akiwa Mkuu wa Mkoa, ombaomba walipokuwa wakikusanywa na kurudishwa makwao, hasa Dodoma. Mmoja wao alipata umaarufu mpaka jina lake, Matonya, likawa jina la utani la kila mtu anayependa kuomba. Hata shuleni tuliitana hivyo tukigombania mihogo. Alirudishwa kwao, akarudi mjini. Mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, akatoa agizo lake: ombaomba waondoke, wasipoondoka wakamatwe. Wakapungua kwa muda, kisha mikono ikarudi madirishani. Na sheria ipo upande wa wanaokamata. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Waingereza, ambayo mizizi yake inarudi hadi Sheria ya Uzururaji ya kwao ya mwaka 1824, imekuwa ikimhesabu mtu anayekaa hadharani kuomba sadaka kuwa ni mhalifu wa uzururaji.

Sina haja ya kuwasimanga viongozi. Simama kwenye mataa dakika 10 tu. Utamwona mtoto wa miaka 6 akipita katikati ya bodaboda na lori la mchanga, na mbali kidogo, chini ya mwarobaini, mtu mzima amekaa anasubiri aletewe hesabu. Ukishaona hilo utaelewa kwa nini kiongozi anapiga meza na kusema basi, imetosha. Mtu asiyeumia kwa hilo ndiye mwenye tatizo. Kwa hiyo wanaotaka mataa yasiwe na ombaomba siwahesabu kuwa hawana huruma. Wengine wanayo kutuzidi.

Ila kuna jambo moja ambalo halimo kwenye maagizo yote hayo, na mimi nililisikia kwa mtu mwenyewe.

Mwaka jana vijana wa kanda yetu tulikuwa na zamu za kupeleka chakula jioni kwa watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka mjini. Nikazoeana na mama mmoja kutoka vijiji vya Dodoma. Jina lake silitaji. Ana kalenda yake kabisa, kama mkulima mwingine yeyote, maana ni mkulima. "Mwanangu, kwetu mvua ni ya msimu mmoja," aliniambia. "Ikikataa, imekataa mpaka mwakani." Chakula cha ndani kikiisha anapanda basi na kuja mjini. Mvua za kwanza zikianza anarudi kulima kashamba kake. Hajioni kuwa ombaomba, anajiona mkulima aliyekwama. Nikamuuliza kama amewahi kukamatwa. Akacheka. "Nimewahi. Walituweka ndani, halafu tukapandishwa gari mpaka kwetu. Walinirudisha mimi, mwanangu, lakini mvua hawakuirudisha."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Operesheni ya kuondoa ombaomba inaweza kupangwa vizuri, ikawa na magari, mafuta, mgambo na waandishi wa habari, lakini kama haijagusa kilichomtoa mtu kijijini, imemhamisha tu kutoka mahali anapoonekana kwenda mahali asipoonekana. Njaa ni ileile. Tofauti ni kwamba kule haitusumbui tukiwa kwenye foleni.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Mtakatifu Yohane Krisostomo, yule aliyeitwa Kinywa cha Dhahabu. Alikuwa mtu wa mjini kabisa, padre wa Antiokia katika karne ya 4, kabla hajawa askofu wa Konstantinopoli. Siku moja ya baridi alipita sokoni akielekea kanisani, akawaona maskini wametapakaa chini. Alipofika akaacha mengine yote na kuwaambia waamini kwamba amekuja kwao kama balozi, na waliomtuma ni maskini wa mji huo. Fikiria padre wetu aanze homilia hivyo siku ya Jumapili: nimetumwa na watu wa mataa ya Fire.

Lakini mahubiri yake mengine ndiyo yanayonisumbua zaidi, yale ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Anaeleza vituko vya ombaomba wa wakati wake. Wapo waliotafuna ngozi za viatu vilivyochakaa mbele za watu. Wapo waliojipigilia misumari kichwani. Wapo waliojilaza kwenye maji ya baridi na matumbo wazi. Na la kutisha kuliko yote, wapo waliowalemaza watoto wao wangali wadogo ili wapita njia waguswe. Miaka zaidi ya 1,600 iliyopita! Tunaodhani kwamba kutumia watoto kuomba ni uharibifu wa zama hizi, tumechelewa sana kupata habari.

Sasa, Krisostomo hakuishia kusema "waoneni hawa matapeli". Aliwageukia waliokaa kanisani. Aliwaambia kwamba wao ndio waliowafundisha. Maskini alipokuja kwa unyenyekevu, akaomba kwa jina la Mungu, walimpita. Alipogeuka kuwa kituko, wakamzunguka na kutoa pesa. Basi akajifunza kinachouzika.

Rudi nayo kwenye mataa yetu. Kwa nini anatumwa mtoto? Kwa nini kipofu mwenye mjukuu mdogo mkononi anapata kuliko kipofu aliyekaa peke yake? Kwa nini kidonda huachwa wazi badala ya kufungwa? Kwa sababu sisi wenye jero huwa hatutoi mpaka tushtuliwe. Tumeweka bei, na bei ya mtoto iko juu. Wakubwa wao wanaisoma bei hiyo vizuri kuliko sisi wenyewe tulioipanga.

Kwa sababu hiyo, kuhusu watoto msimamo wangu ni mgumu, na najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Mtoto wa kwenye mataa simpi pesa. Jero ile ni mshahara wa kumlipa asiende shule, na kesho atarudishwa palepale kwa sababu jana palilipa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi kuliko tunavyodhani: mtoto anayekutwa akiomba, hata kama anajifanya anaimba au anauza kitu, inamhesabu kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Haimwiti mhalifu. Na kuna namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo unaweza kupiga ukaeleza umemwona wapi na katika hali gani. Lakini nisikilize vizuri hapa. Kumnyima mtoto jero halafu ukaishia hapo, ukajisikia umefanya jambo la busara, huko ni kubaki na jero yako tu. Ukimnyima pesa unakuwa na deni kubwa zaidi: muda, simu, chakula atakachokula mbele yako, kuulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya kata. Nani yuko tayari? Ndiyo maana nasema msimamo huu ni mgumu. Ni mgumu kwa anayeushika.

Kwa mtu mzima mambo ni tofauti, na hapa Kanisa lina historia ambayo vijana wengi hatuijui. Tunadhani swali la miji na ombaomba limeanza na mataa ya barabarani. Kumbe katika karne ya 16 miji mingi ya Ulaya ilikuwa ikifanya hivihivi. Hispania, baada ya amri ya kifalme ya mwaka 1540, miji kama Zamora na Salamanca ilianza kuzuia watu wasiombe ovyo. Maskini walichunguzwa, wa kweli wakasaidiwa kwa utaratibu, wageni wakatakiwa kurudi kwao. Mwaka 1545, mjini Salamanca, watawa wawili wakatoa vitabu vinavyopingana. Mmoja ni Juan de Robles, Mbenediktini, aliyeunga mkono mpango huo. Mwingine ni Domingo de Soto, Mdominiko, aliyeupinga.

Ungetarajia kwamba mmoja wao alikuwa mtu mbaya. Hapana. Robles aliona kwamba mgonjwa na mzee wanadhalilika kwa kuzunguka na bakuli, na kwamba mji ukikusanya sadaka pamoja na kuzigawa kwa mpango, aliyelala kitandani asiyeweza kutembea naye atapata. Hilo ni kweli kabisa. Mwenye miguu na sauti kubwa ndiye anayepata barabarani. Aliyepooza kule Mbagala hafiki Posta kuomba. Hata leo, mpango wa kunusuru kaya maskini unaopitia TASAF unasimama juu ya wazo hilohilo: msaada umfuate mtu alipo, asilazimike yeye kuufuata mjini.

De Soto naye alikuwa na hoja zake, na nyingine zinauma. Aliuliza mtu anawezaje kufukuzwa mjini kama mkosaji ilhali hajafanya kosa, ameomba tu. Alishangaa jinsi tunavyomchunguza maskini kwa darubini tukitafuta uongo wake, wakati udanganyifu wa wakubwa hatuufuatilii kwa bidii kama hiyo. Na aliogopa jambo ambalo halionekani kwenye takwimu: mji usioona maskini utasahau kuhurumia. Ukimwondoa machoni, polepole utamwondoa moyoni.

Mimi nimejikuta nasimama hivi. Robles alikuwa sahihi kuhusu njia bora ya kusaidia. De Soto alikuwa sahihi kuhusu mahali ambapo mji unavuka mpaka. Mji una haki ya kuniomba mimi nibadili namna ninavyotoa. Unaweza kuniambia usitoe dirishani gari likiwa barabarani, toa kwa utaratibu huu, mpigie fulani. Unaweza kupanga watu wasisimame katikati ya magari, maana ni hatari kweli. Lakini kumwambia mwenye njaa kwamba kutamka njaa yake ni kosa, kabla hujahakikisha amekula, mamlaka hayo sidhani kama Mungu aliyampa mtu yeyote. Kuomba ndiyo njia ya mwisho ya mtu ambaye njia nyingine zimefungwa. Ukiifunga nayo, hujamwachia kitu zaidi ya kuiba au kufa kimya.

Wala si mawazo ya watawa wa zamani tu. Geneva, Uswisi, mji tajiri kuliko yote tunayoijua sisi, ulimtoza faini ya faranga 500 mwanamke mmoja wa jamii ya Waroma kutoka Romania kwa sababu ya kuomba barabarani. Hakujua kusoma wala kuandika, hakuwa na kazi. Pesa hizo angezitoa wapi? Akafungwa siku 5. Januari 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema mji ulikosea, kwamba hadhi yake ya utu iliguswa, na kwamba mtu aliye katika hali ile ana haki ya kueleza shida yake kwa wengine na kujaribu kukidhi mahitaji yake kwa kuomba. Wiki chache kabla yake, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya kishauri kuhusu sheria za uzururaji za nchi za Afrika. Ilisema zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Yaani jibu lilitolewa kwenye mji ambao ukitoka Dar asubuhi unafika kwa basi jioni, na wengi wetu hatukulisikia.

Kuna watakaoniuliza, sasa mji ufanye nini, ukae tu? Hapana. Angalia Albuquerque, huko New Mexico, Marekani. Mwaka 2015 meya wao wa wakati huo, Richard Berry, alianzisha mpango wa gari dogo la abiria lililopita kwenye makutano ya barabara. Badala ya kukamata, dereva aliuliza: unataka kazi leo? Aliyekubali alipanda, akaenda kusafisha maeneo ya mji kwa dola 9 kwa saa, akapewa chakula cha mchana, na jioni akaunganishwa na kituo kinachohudumia wasio na makazi. Gari moja haliwezi kumaliza umaskini wa mji mzima, na sitaki kulifanya hadithi ya muujiza. Ninachokipenda ni mpangilio wa mambo: lile gari lilitangulia na swali.

Na swali hilo tumelisoma kwenye Injili. Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alikaa kando ya njia akiomba. Aliposikia Yesu anapita akapaza sauti, na umati ukamkemea anyamaze. (Mgambo hawakuanza jana!) Walikuwa watu wa dini hao, wanaomfuata Bwana, wanataka msafara upite kwa heshima. Yesu akasimama. Akaagiza aitwe, kisha akamuuliza anataka afanyiwe nini. Anamuuliza kipofu anataka nini, kitu ambacho kila mtu pale alidhani anakijua. Mimi na wewe tumeshatoa jero ngapi bila kuuliza hata jina?

Papa Fransisko, Mungu amrehemu, alilisema jambo hili mwaka 2017 alipohojiwa na jarida moja la watu wa mitaani la Milano. Alisema kutoa ni sahihi siku zote. Alipokumbushwa kwamba pengine pesa hiyo itaishia kwenye pombe, alijibu kwamba kama glasi ya mvinyo ndiyo furaha pekee aliyonayo yule mtu, basi na iwe, halafu akatutaka tujiulize sisi tunafanya nini kwa siri. Lakini aliongeza jambo ambalo wengi huliruka: namna ya kutoa. Kumtazama machoni. Kumgusa mkono. Sarafu inayorushwa kutoka kwenye gari bila kutazamana haikumfikia mtu, imefikia bakuli.

"Lakini Mtume Paulo alisema asiyefanya kazi asile." Najua, nimeshaiona kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi kuliko Baba Yetu. Isome tena, ndugu yangu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu mtu asiyetaka kufanya kazi, tena ndani ya jumuiya iliyokuwa inamlisha. Hakumwandikia mama ambaye shamba lake limekauka, wala kijana aliyezunguka viwandani miezi 8 akiambiwa "tutakupigia". Katika vijiwe vyetu vya VIWAWA, ni wangapi tuna kazi ya kudumu? Tungekuwa hatuna wazazi na wajomba mjini hapa, tungekuwa wapi?

Na kabla hatujawaita wote wavivu, tukumbuke kwamba Kanisa limemweka mmoja wao altareni. Benedikto Yosefu Labre, Mfaransa aliyezaliwa 1748, alijaribu kuingia utawani mara kadhaa akakataliwa. Akatembea kwa miguu patakatifu mbalimbali, akaishia Roma, analala kwenye magofu ya Kolosei, nguo zimechakaa, ana chawa, anakula anachopewa na akipewa zaidi anagawa. Alifariki 1783, na mwaka 1881 Papa Leo wa 13 akamtangaza mtakatifu. Leo angepita kwenye mataa ya Mwenge nadhani tungepandisha kioo. Sisemi kila ombaomba ni Labre. Nasema ukiwa ndani ya gari huwezi kujua.

Sasa nifike kwenye geti letu.

Parokiani kwetu, kama zilivyo parokia nyingi, Jumapili wanakaa watu watano au sita nje ya geti. Miezi miwili iliyopita, wakati wa maandalizi ya Kipaimara, ikatolewa hoja kwenye kikao kwamba siku ya ujio wa Baba Askofu geti liwe safi. Neno lililotumika ni hilo, "safi". Mlinzi awaondoe mapema, na vijana wasaidie. Hoja ilitolewa na mtu mzima ninayemheshimu, anayelitolea Kanisa kuliko mimi, na sababu yake haikuwa chuki. Alisema waamini wanasumbuliwa, na kwamba fungu la maskini lipo, Karitasi ipo, jumuiya zipo. Huyo ni Robles kabisa, na nusu ya maneno yake ni kweli.

Nilisimama nikasema, "Shikamoo zenu wazee. Naomba kuuliza: kuna aliyewahi kuwauliza wale wa getini kama fungu hilo linawafikia?" Kimya. Baba Paroko akasema, "Basi nyie vijana mkawaulize, mtuletee majibu."

Tukaenda. Watatu wanatoka mtaa wa nyuma ya kanisa lakini hawamo kwenye orodha ya jumuiya yoyote, kwa sababu hawana chumba cha kudumu, na orodha zetu zinaandikwa kwa nyumba. Mmoja ni dada mwenye mtoto mchanga ambaye haamini mtu na hakutaka kuongea. Tulimwachia namba. Wa mwisho ni mzee asiyeona, miaka 70 na kitu, ambaye alitushangaza wote. Tulianza kumweleza habari za Kanisa kana kwamba ni mgeni. Akatukatiza: "Wajukuu zangu, mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa kabla baba zenu hawajazaliwa." Misa zote huzisikiliza kwenye spika akiwa getini. Anajua kwaya ipi imeimba na ni nani amekosea. Ana zaidi ya miaka 10 hajapokea Komunyo, kwa sababu mara ya mwisho alipojaribu kuingia aliambiwa akae nje, atapewa chake Misa ikiisha.

Mnakumbuka kile kisa cha Matendo ya Mitume, sura ya 3? Kiwete anabebwa kila siku na kuwekwa kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri. Petro na Yohane hawana fedha. Wanamtazama, wanamwambia naye awatazame, Petro anamshika mkono wa kuume na kumwinua. Siku zote nilikuwa naishia kwenye muujiza. Nimekuja kuona sentensi inayofuata baada ya kuongea na mzee huyu: yule mtu aliingia pamoja nao hekaluni. Wapita njia walikuwa wamempa sadaka miaka yote hiyo, na pengine nyingi, na yeye alikuwa bado nje ya mlango.

Tumepeleka majibu. Majina ya wale watatu yameingizwa kwenye jumuiya ya mtaa wao, na mama mwenyekiti wa jumuiya alisema nyumba yao itaandikwa "getini" mpaka wapate nyingine. Hoja ya kuwaondoa haijafutwa, imeahirishwa, na Kipaimara ni wiki tatu zijazo. Baba Paroko alikwenda kumwungamisha mzee Alhamisi iliyopita, wakakaa kwenye benchi la mlinzi karibu saa nzima. Jumapili hii Misa ya kwanza mimi na vijana wawili tutampitia saa 12 kasorobo. Ameuliza kama anaweza kukaa upande wa kwaya, maana sauti ya nne, anasema, inahitaji kurekebishwa.